Ubao wa Orville

Jirani yangu Orville Tveit, mkulima wa ngano hapa Dakota Kaskazini, hakumsamehe mtu aliyepiga jeki bila kuweka ubao chini yake. Theluji ikiyeyuka, kando ya barabara zetu za changarawe huwa uji mtupu, na jeki huzama. Hata Darlene, mjane wa shamba la pili, Orville aliwahi kumcheka kanisani mbele ya watu kwa kosa hilo.

Siku moja mimi na Orville tulikuwa tunapeleka kanisani kahawa ya waombolezaji, baada ya maziko ya rafiki yake, tairi likapasuka. Orville akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akalegeza nati, kisha akatafuta ubao. Kumbe aliuacha bandani alipokuwa akipaka rangi.

"Tujaribu tu hivyo hivyo," akasema, bila kunitazama.

Jeki ikadidimia, gari likaponyoka na kukaa matopeni. Bahati tulikuwa tumesimama pembeni.

Darlene akapita, akasimama, maana hapa kila mtu husimama.

"Mzee, ubao uko wapi?"

"Haya, nicheke basi."

"Nicheke nini, na kahawa inapoa? Shika upande huo."

Akatoa ubao wake garini. Tangu alipochekwa kanisani, alikuwa ameuandika kwa rangi nyekundu: ORVILLE. Mzee akausoma, masikio yakamwiva.

Tukabadili tairi, tukafika kanisani watu wameshakula. Wakauliza kulikoni. Darlene akaanza kumimina kahawa. Orville akavua kofia.

"Sikuwa na ubao," akasema.

Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.