Nilimjibu Mama Mukubwa "Nafurahi Kusikia"

Kosa ni langu na sitalitupia mashine. Dada mkubwa wa mama yangu alianguka shambani kwake Lukafu, akaniandikia kwamba mguu unakataa kukanyaga, na kutoka kwenye simu yangu akapata jibu: "Nafurahi sana kusikia hivyo, Mama Mukubwa. Endeleeni vile vile."

Si mara moja. Mara tatu, kwa siku tatu.

Jina langu sitaliandika. Lubumbashi ni mji mkubwa, lakini ukoo wangu unauzidi. Jueni tu kwamba ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nakaa Katuba, na mwaka jana nilijiandikisha kwenye kituo kidogo cha mafunzo mjini nijifunze kuandika programu za kompyuta.

Mwalimu wetu, Madame Clarisse, alikuwa fundi cherehani kabla ya kusomea mambo hayo, kwa hiyo kila kitu alikifundisha kwa nguo. Siku ya kwanza alitufundisha jinsi programu inavyochagua njia: kama hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile.

"Mashine haina roho," alituambia. "Unaiambia: kama kitambaa iko nyekundu, shona na uzi nyekundu. Sinon, shona na nyeupe. Siku utailetea kitambaa ya kijani, itashona tu na nyeupe. Haitakuuliza kintu."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wiki chache baadaye tukafika kwenye klasi na vitu vyake. "Klasi njo patron," alisema, akainua ile karatasi ya fundi ya kukatia libaya, blauzi ya wanawake. "Patron moja, unakata malibaya mingi. Kila libaya iko na rangi yake, na mwenyewe wake. Patron haivaliwe. Banavalaka libaya."

Hapo ndipo shetani aliponigusa bega.

Kwetu nina wakubwa watano wa kusalimia kila asubuhi: Mama Mukubwa wa Lukafu, shangazi yetu Tantine Feza wa Kamalondo, baba wadogo wawili, na mjomba wetu Tonton Mwape anayefanya biashara Mokambo mpakani. Usipowaandikia, unaitwa mtoto asiye na adabu. Ukimsahau mmoja, wanne waliobaki watajua kabla ya saa sita mchana. Na mimi asubuhi napenda kulala.

Basi nikakata patron. Klasi moja, nikaiita Mukubwa. Kutoka kwayo nikatengeneza wakubwa watano, kila mmoja na jina lake na mahali pake. Kisha nikaandika boucle, yaani mzunguko unaompitia mmoja baada ya mwingine: saa moja kamili asubuhi, kwa kila mkubwa kwenye orodha, tuma salamu. Nikaunganisha kompyuta yangu kuukuu na namba yangu ya simu, nikajifunika blanketi.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na Tantine Feza akipiga simu.

"Weye, tangu lini miye ni Tonton Mwape?"

Nilikuwa nimeliandika jina kwenye patron badala ya kuliandika kwenye libaya. Wote watano walibeba jina na salamu ya yule niliyemwandika mwisho. Tantine Feza, mke wa watu, mama wa watoto saba, alikuwa ameulizwa kama mke wake ameamka salama.

"Ni simu, Tantine," nikasema. "Inajiandikiaka yenyewe. Munisamehe."

Uongo wa kwanza ulipita kama uji. Nikarekebisha, kila mkubwa akapewa jina lake, na kuanzia hapo mambo yakawa matamu. Umeme ukikatika, salamu zilichelewa. Nikawaambia nilikuwa kwenye maombi. Wakanisifu kwa kusali pia.

Lakini wakubwa wakisalimiwa hujibu, na wakijibu wanataka kujibiwa. Ndipo nikaandika ile sehemu ninayoijutia. Kama ujumbe una neno "mugonjwa", "homa" au "kilio", jibu: "Pole sana, niko pamoja nanyi katika maombi." La sivyo, jibu: "Nafurahi sana kusikia hivyo. Endeleeni vile vile."

Maneno matatu. Nilidhani mabaya yote ya dunia yanaingia katika maneno matatu.

Sasa sikilizeni ubaya wangu ulivyokua. Nina dada mkubwa, Yaya Mado, anauza mboga sokoni. Simu yake ni ile ya vitufe, haipokei ujumbe wa intaneti, kwa hiyo haandikii mtu. Yeye anakwenda. Tantine Feza akiumwa mgongo, Mado ndiye anayefua. Zamu ya kulima Lukafu ikifika, Mado ndiye anayepanda lori.

Siku ya ubatizo wa mjukuu wa Tonton Mwape, wakubwa wote wamekaa, Tantine Feza alisimama na pagne mpya, kitenge cha zawadi, mkononi akanifunga kiunoni mbele ya watu. Kisha akamgeukia dada yangu.

"Mado, ona mudogo yako. Kila asubuhi iko nauliza tunalala namna gani. Weye, ata bonjour?"

Mado alikuwa amebeba sufuria ya bukari, ugali wetu. Alisema tu, "Muko na haki, Tantine," akaendelea kugawa chakula.

Ningeweza kusema pale pale. Pagne ilikuwa nzuri. Nikaikaza kiunoni.

Miezi miwili baadaye Mama Mukubwa akaanguka. Anakaa peke yake, na majirani walimfunga majani wakasema yatapita. Hakuwa na inite, yaani salio la kupiga simu, zilibaki mega za intaneti za kutuma ujumbe tu, na katika ukoo mzima mtu anayejulikana kujibu ujumbe haraka ni mimi.

Siku ya kwanza aliandika: "Mwana yangu, nilianguka ku mashamba. Muguu inakatala kukanyaka." Siku ya pili: "Muguu inavimba sawa boga. Siwezi kusimama." Siku ya tatu: "Kuya unitwale ku hospitali."

Hakuna "mugonjwa". Hakuna "homa". Hakuna "kilio". Mashine ikaenda kwenye la sivyo, ikafurahi. Ikafurahi tena. Ikafurahi mara ya tatu na kumwambia aendelee vile vile. Mimi nilikuwa nimezima hata mlio wa simu, ujumbe wao usinisumbue.

Habari ilifika mjini kwa mdomo wa dereva wa lori la makaa, aliyemkuta Mado sokoni. Mado aliacha mboga zake kwa jirani, akapanda lori hilo hilo lilipogeuza, akamleta Mama Mukubwa hospitali akiwa amelazwa juu ya magunia.

Mimi niliitwa kesho yake. Nilipoingia wodini Mado alikuwa ameshika simu ya Mama Mukubwa. Hakupaza sauti. Alinisomea ujumbe mmoja mmoja, wake na wangu, kama mtu anayesoma somo kanisani. Alipomaliza wa tatu akaniuliza:

"Hii 'endeleeni vile vile', aendelee nini? Kuvimba?"

Nilitaka kusema simu inajiandikia yenyewe. Mado alikuwa bado ameishika simu ile. Nikapiga magoti kwenye sakafu nikaeleza yote: patron, orodha, boucle, maneno matatu, blanketi. Mado alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kikapu chake akatoka. Hakunisemesha kwa miezi minne.

Nilibaki na Mama Mukubwa. Nilingoja anilaani, maana laana ya mama mkubwa si mchezo. Badala yake akaanza kutikisika kitandani. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nilijua ni mashine," alisema. "Tangu mwezi wa kwanza wa salamu. Bamama ya chapelle banakuyaka kwangu jioni, tunakuandikia bya kucheka. Tulikuandikia: mbuzi ya pasteri ilivala bisapato ku miguu, ikaenda ku misa. Ukajibu unafurahi sana. Tukakuandikia: nyumba yangu iliruka, iko ku Zambia. Ukasema niendelee vile vile. Mama moja alicheka mpaka akajikojolea."

Miezi yote niliyojiona mjanja, wanawake wa Lukafu walikuwa wamekaa uani wakinichezea kama redio.

"Lakini kama mulijua, Mama Mukubwa," nikauliza, "sababu ya nini mukaniandikia bya muguu?"

Aliacha kucheka. Akauvuta kidogo mguu wake wenye plasta, akakunja uso kwa maumivu.

"Nilisema labda leo utaangalia weye mwenyewe," akasema. "Siku ya kwanza nilisema vile. Siku ya pili, vile vile."

Ya tatu hakuitaja.

Daktari alisema siku zile tatu ndizo zilizoharibu. Mfupa ulikuwa umesogea, ukashika vibaya ndani ya plasta, ukavunjwa upya, na hata hivyo Mama Mukubwa sasa anatembea kwa fimbo na shamba la mbali ameliacha. Pagne ya Tantine Feza niliirudisha, na ilinibidi nisimame mbele ya wakubwa wote nieleze. Tonton Mwape aliniuliza swali moja: "Sasa ile homa yangu ya mwezi wa sita, nani aliniombea?" Nikasema hakuna. Akainamisha kichwa, na mimi nikatamani sakafu inimeze.

Madame Clarisse nilimweleza pia. Nilidhani atanifukuza. Alifungua programu yangu, akasoma mistari yote, akasema patron imekatwa vizuri. Kisha akaweka kidole kwenye ile la sivyo. "Hapa haiko pubelle ya kutupa bintu," akasema. "Hapa njo mahali bintu bile haukuwaza binaingiliaka. Ungeandika tu: sinon, uniamushe miye."

Neno moja. Niamshe.

Ninyi mnaojifunza kazi hii, msinichukie, jifunzeni tu kwangu. Ipeni mashine hesabu, ipeni orodha, ipeni kazi zote za kuchosha. Salamu za mtu aliyewabeba mgongoni msiipe. Na wewe usiyejua kompyuta, unayejibu "amina" na "Mungu asifiwe" bila kusoma ulichoandikiwa, usinicheke sana. Fungua simu yako sasa hivi, rudi nyuma siku tatu, usome.