Mbwa Wangu wa Kufukuza Nyegere

Cheka tu, nastahili. Mama mwenye nyumba wangu mpya, mtu wa udhu na swala, hakutaka mbwa uani, ikabidi nimtafutie mbwa wangu Jasiri makao. Mzee mmoja mfuga nyuki wa Ipole alihitaji mbwa wa kufukuza nyegere wanaovunja mizinga. Mimi na kiduka changu, nikitaka na asali yake niuze, ulimi hauna mfupa, nikamwapia kwenye simu: "Huyu hata mimi namwogopa!"

Mzee akafika kwangu Tabora na mnyororo.

"Shikamoo baba, simama mbali!" Nikafungua mlango kwa madaha. Jogoo wa jirani akawika. Jasiri akajichimbia chini ya koti la mzee, anatetemeka huku akimlamba mkono.

"Marahaba," mzee akasema, akimpapasa. "Nyegere nitawafukuza mwenyewe. Huyu atakaa na sisi wazee. Ila asali yangu sikupi uuze, mwanangu. Utawaambia watu inafufua wafu."