Mikarafuu ya Kisimani

Juzi nilipita nyumba yenye msiba, nikaona pazia limetundikwa mlangoni kwa mjane. Nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa mdogo, baada ya babu kufa.

Bibi alikaa nyuma ya pazia kama lile. Sikujua kuwa mjane akiwa edani hajitokezi mbele za wageni wala hajitii manukato. Harufu yake ya asumini sikuisikia, ila ya karafuu zilizoanikwa uani, nikadhani ameadhibiwa. Nikajibanza ubavuni mwake.

Ukumbini, ami alimwambia shehe kuwa babu aliusia mikarafuu mitatu ya kisimani iwe ya msikiti.

"Ile ni mahari yangu," bibi akasema kutoka nyuma ya pazia. "Marehemu kausia kisicho chake."

"Mama, si baba aliyekuwa akiichuma?"

"Akinichumia mimi. Muulize kaka yangu hapo alipo. Pilau ya harusi kaila, mahari kaisahau?"

Watu wakacheka. Kaka yake akakohoa, akakiri kuwa alikuwa shahidi na mikarafuu ndiyo ile. Shehe akasema basi wasia haupiti, mali ni ya mke.

Nilingoja bibi afurahi, lakini alikuwa akijifuta machozi.

"Mmoja nautoa mimi," akasema. "Asije akaonekana muongo huko aliko."

Walipoondoka nikamuuliza ni upi.

"Ule aliokuwa akijisifu nao," akasema. "Hauzai kitu."