Chanuo Langu Kwenye Beseni la Jiki

Dada yangu mkubwa aliharibu chanuo langu asubuhi ya sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla hajaolewa, kule Mikumi, na mpaka leo anaamini alinifanyia hisani.

Lilikuwa chanuo la mti wa mninga, lenye meno kumi na mawili marefu na mpini mfupi wa kushika kwa vidole vitatu. Baba mkwe alilichonga mwenyewe kwa kisu nilipojifungua mtoto wa kwanza. Mama mkwe ndiye aliyeniletea, akiwa amelifunga kwenye kipande cha khanga. Nywele zilikuwa zinakatika, kama zinavyofanya kwa mzazi, nami nilikuwa nazichana kwa kitana cha plastiki huku nikikunja uso kwa maumivu. Akakichukua kile kitana mkononi mwangu, akaniwekea lile.

Mimi ni mzaliwa wa Magomeni, Kilosa mjini. Kwetu ni wakulima tangu enzi za babu. Mume wangu ni mtoto wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wakahamia upande wa Kilangali yeye akiwa mdogo. Anayeishi wilaya hii, ambako wakulima na wafugaji hawapatani, hahitaji kuelezwa maneno niliyoyasikia niliposema naolewa huko. Dada yangu ndiye aliyesema mengi kuliko wote. Aliniuliza kama nimepungukiwa na wanaume wanaooga. Nilinyamaza kwa sababu ni mkubwa wangu, na kwetu mkubwa hajibiwi.

Basi mama mkwe akanifundisha kulitunza lile chanuo. Kila Jumamosi mchana nilikaa naye kibarazani. Kwanza unatoa nywele zote kwa vidole. Kisha unapitisha uzi wa kushonea magunia katikati ya jino na jino, unauvuta huku na huku mpaka utoke bila uchafu. Unachukua mswaki mkuukuu, unauchovya kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, unaukung'uta vizuri, ndipo unasugua. Hapo hapo unafuta kwa kitambaa kikavu na kulilaza kivulini, unaligeuza mara moja moja. Likishakauka kabisa, unachukua samli kidogo kwenye ncha ya kidole na kuipaka kufuata nyuzi za mti, unaiacha inywewe, halafu unafuta mpaka mkono usiteleze.

"Usilizamishe kwenye maji," aliniambia. "Mti ukinywa maji unavimba, na ukikauka unapasuka. Na usilianike juani."

Ile samli aliipika mwenyewe. Mwanzoni harufu yake ilinisumbua, siwezi kudanganya. Baada ya miezi michache nikawa silali vizuri bila harufu ile kwenye mto. Miaka minne nilitumia chanuo lile na halikuvunjika hata jino.

Ikaja habari ya sendofu. Dada ana mgahawa pale Mikumi, kando ya barabara kuu, na ana watu wengi anaofahamiana nao. Alitaka shughuli kubwa. Nilipowaambia wakwe zangu kwamba kwetu kuna binti anaagwa, baba mkwe hakuuliza swali. Alikwenda zizini akatoa dume la ng'ombe.

"Binti wa dada yako ni binti yetu," alisema.

Likapakiwa kwenye lori la fuso hadi Mikumi. Dada akapiga simu akishangilia, akasema niwaambie wakwe zangu Mungu awabariki. Lakini kadi ya mwaliko hakuwatumia. Nilipomuuliza alisema ukumbi ni mdogo.

Nilifika Mikumi siku moja kabla. Asubuhi ya shughuli nikamkalisha binti, nikaanza kumchana nywele. Alikuwa amefumua mabutu, nywele zimejaa, zimefungamana.

"Mama mdogo, chanuo lako halivuti hata kidogo," akaniambia. "Nipe na mimi moja kama hili."

Dada akapita na sufuria. Akasimama, akalichukua chanuo mkononi mwangu, akalinusa.

"Hili linanuka ng'ombe," akasema. "Unamtia mwanangu uvundo siku yake?"

"Ni samli, dada. Ni safi."

Nikacheka ili yaishe. Nikalifuta, nikaliweka dirishani. Baada ya muda akanituma stendi kupokea keki iliyokuwa inatoka Morogoro kwa basi. Basi likachelewa, nikakaa pale karibu saa tatu nzima.

Niliporudi na keki yangu, dirishani hapakuwa na kitu. Nikamuuliza binti. Akaangalia chini, akaninyooshea kidole kuelekea jikoni, uani. Huko nikakuta beseni kubwa la maji ya moto yaliyotiwa jiki, limejaa vitambaa vya meza, na katikati ya vitambaa lilikuwepo chanuo langu.

Nililitoa kwa mkono mtupu, nikaungua. Ule wekundu wa mninga ulikuwa umetoka, limebaki na rangi ya mfupa uliolowa. Mti ulikuwa umevimba na kuota vinyweleo kama kitambaa cha bei rahisi. Meno mawili yalipinda. La pembeni lilikuwa limepasuka toka ncha hadi kwenye shina.

"Nani kaweka hili humu?"

"Mimi," dada akajibu, bila hata kugeuka. Alikuwa akikoroga nyama. "Nimekusaidia, mdogo wangu. Ukitoka na harufu ile kwenye ukumbi watu watasemaje?"

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakacheka. Dada akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kitana cha plastiki cha kijani, kipya. Akanitupia miguuni.

Sijui maneno yalitoka wapi. Miaka yote nilikuwa nimeyameza.

"Dada, hiyo nyama unayokoroga imetoka zizini kwa waliotengeneza chanuo hili. Nyama haikunuka? Ulipoipokea mbona hukuitia jiki?"

Dada aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Unanivunjia heshima nyumbani kwangu? Siku ya mwanangu?"

Shangazi yetu, aliyekuwa kwenye mkeka, akainuka. Nilidhani atamwambia dada neno. Akanigeukia mimi.

"Muombe radhi dada yako. Unamtolea sauti mkubwa wako mbele za watu kwa ajili ya kijiti?"

Nikaomba radhi. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilipiga goti kwenye ile sakafu yenye maganda ya vitunguu, chanuo limelowa mkononi, nikamuomba radhi mtu aliyenikosea. Akanipokea kwa upole mkubwa, akanishika bega, kila mtu akamsifu kwa moyo wake mwema.

Ukumbini MC alitaja wachangiaji mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya nyama alisema imeletwa na "ndugu wa kutoka Kilosa", wakwe zangu hakuwataja. Nilikaa na kuangalia watu wakiongeza sahani.

Kesho yake nilirudi Kilangali. Njia nzima nilikuwa nikitunga uongo, na huo uongo ulikuwa wa kumlinda dada. Mama mkwe alipoliona chanuo, nikamwambia mtoto aliliangusha kwenye ndoo ya maji.

Akaligeuza geuza. Akalipeleka puani.

"Ndoo yetu haina jiki," akasema.

Nikamweleza. Nilieleza kila kitu isipokuwa lile neno la ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alisema linanuka?"

Nikainamisha kichwa.

"Nilijua," akasema. "Siku tulipokuja kwenu kuleta posa, yule dada yako alifungua madirisha yote. Mvua ilikuwa inanyesha."

Nilikuwepo siku ile. Niliona madirisha yakifunguliwa na sikufikiri chochote. Nilikuwa na furaha zangu. Yeye aliketi pale na nguo yake mpya, matone yakimpiga mgongoni, akanywa chai yetu, na kwa miaka yote ile hakuwahi kunitamkia. Nililia kwa hasira, akaniacha nilie.

Kulitibu chanuo kulichukua wiki nzima. Tulilisuuza haraka kuondoa jiki, tukalifunga kwenye kitambaa kikavu na kuliweka ndani, mbali na moto, tukibadilisha kitambaa kila kilipopata unyevu. Lilipokauka, baba mkwe alikata lile jino lililopasuka na kulainisha kisiki chake kwa msasa, halafu akalipitia chanuo zima mpaka vinyweleo vikaisha. Kisha samli, kidogo kidogo, kila jioni. Rangi haikurudi yote. Lina mabaka. Meno yaliyopinda yamebaki yamepinda, lakini nywele zinapita.

Miezi miwili baadaye dada alinipigia kuniambia picha za sendofu zimetoka. Tulipomaliza habari za picha nikamwambia nataka aje Kilangali amuombe radhi mama mkwe. Akacheka. Alipoona sicheki akauliza, "Bado uko na kile kijiti? Si nilikupa kitana kipya?"

Nikamwambia radhi niliyomuomba jikoni naiondoa, si yake tena. Akakata simu.

Hajaja. Binti yake alikuja, na mumewe, wakakaa siku mbili, wakala, wakasalimia kila mtu kwa heshima. Lakini binti hakuwa na kosa lolote, na nilimwambia hivyo. Mimi na dada tunakutana Magomeni mama yetu anapougua. Namuamkia, ananiitikia, tunagawana zamu za kumuuguza, nami sikosi zamu yangu. Mume wangu ananishauri niache yaishe, ni kitu kidogo. Naye ndiye ambaye mama yake alilowa mgongo ndani ya nyumba yetu. Namjibu kwamba siachi, na siku dada atakapofika Kilangali nitamwandalia chai mwenyewe, lakini kabla ya chai atasema anachopaswa kusema.