Mtu Asiyekasirika

Enzi za Mjerumani nilikuwa mwalimu wa misheni huku Ndandalo, na nilikuwa mpole kupita watu wote. Nilijua hivyo kwa sababu nilijiambia mwenyewe kila asubuhi. Waimbaji wangu wa kanisani wakizozana, niliwatazama kwa huruma na kuwakumbusha kwamba hasira ni dhambi. Nyani haoni kundule, na mimi hata kioo sikuwa nacho.

Basi mke wangu alipokunja mkeka wake akarudi kwa baba yake kule Ngana, na mimba ya miezi saba, nilishangaa kwa dhati. Sikuwahi kumpiga wala kumtukana. Nikavaa shati langu jeupe, la pekee, nikaenda kumchukua.

Kwetu Wanyakyusa ugomvi wa nyumbani hauishi kwa kupeana mikono tu. Ndugu huketi pamoja, kila mmoja akataja chuki iliyomo moyoni mwake, kisha akajaza maji mdomoni na kuyapuliza chini. Wazee husema hasira iliyofichwa humdhuru mtoto, hata aliye tumboni. Mimi msomi niliyaita hayo ushenzi, ila nilimtaka mke wangu, na mtoto nilimtaka zaidi. Nikaketi.

Zamu yangu ilipofika nikasema moyo wangu ni mweupe, sina neno na mtu. Nikachukua kibuyu, nikapuliza maji kwa madaha. Shangazi wa mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Baba mkwe hakucheka. Alisema maji yale hayakubeba kitu, nimelowesha ardhi yake bure.

"Askari wa boma akikasirika tunamjua, tunakimbia," akaniambia. "Wewe, mwanangu, tukukimbie saa ngapi?"

Nikatoa tabasamu langu la kuhubiria. Mke wangu akalinyooshea kidole, akamwambia baba yake.

"Hilo hapo, tata. Ndilo ninaloishi nalo."

Akaeleza kwamba nakula ndizi alizopika bila kumtazama, salamu yake naijibu kwa kikohozi, na kwamba safari hii nimenuna tangu mpunga haujavunwa mpaka umeisha shambani, naye hajui kosa lake.

Mimi nililijua. Jumapili moja nilianzisha wimbo juu mno, sauti ikanikatika katikati, kanisa zima likacheka, naye akacheka. Basi, hilo tu. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Afadhali ningeambiwa nibebe mizigo ya Mjerumani mpaka ziwani.

"Ulicheka," nikasema mwishowe. "Siku ile nilipokosea wimbo."

Wakasubiri niendelee. Hapakuwa na zaidi.

Mke wangu akachukua kibuyu, akapuliza maji yake, akasema amenisamehe. Nikainuka haraka nimbebee mkeka. Akaniambia niuache. Atajifungulia pale pale, kwenye nyumba ambayo watu wanagombana kwa sauti. Mtoto akipata nguvu nirudi, yeye mama yake aone kama nimejifunza kugomba.

Nikaaga kwa unyenyekevu mkubwa, na tabasamu langu. Njia nzima hadi Ndandalo nilinuna, na hapakuwa na mtu wa kumnunia.