Dua Niliyomwombea Mfalme wa Shaba

Ndugu zangu, kwa aibu niliyoipata katika chuo kimoja cha Dodoma mjini, mbele ya walimu na wageni, mpaka leo nikipita karibu na chuo kile naangalia chini, ingawa alhamdulillahi nimeshajifunza kuicheka.

Mjukuu wangu Zaituni anasoma uchoraji. Baba yake, mwanangu Idi, hakuutaka uchoraji huo tangu mwanzo ("Picha zitamlisha nani?"), akaapa kwamba muhula ukiisha anamtoa chuoni. Siku ya maonyesho Zaituni akaniomba nifungue shughuli kwa dua na niisifu kidogo picha yake, maana baba yake hunisikiliza. Basi asubuhi nikaona miwani yangu, iliyofungwa uzi upande mmoja, haipendezi na kanzu mpya, nikaiacha nyumbani Ihumwa. Jambo dogo tu!

Nikasimamishwa mbele ya picha yake, kubwa kama mlango. Niliona mtu juu ya farasi ameinama upande, na umati umeshika kamba unavuta. Sasa kwetu Kondoa ng'ombe akitumbukia korongoni kijiji kizima huja na kamba, hata aliyegombana na mwenye ng'ombe huja, kwa hiyo sikuona haja ya kuuliza (na mgeni wa heshima amuulize nani?), nikainua mikono, nikamwomba Mwenyezi Mungu amwokoe mzee huyu aliyeteleza na farasi wake, na awalipe kheri vijana wanaomwinua.

"Amin," wakaitikia, kwa unyonge. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti zaidi na kumwongezea mzee umri mrefu. Hapo mama mmoja wa nyuma akaangua kicheko, na Zaituni akajifunika uso kwa mtandio.

Idi akaja kuninong'oneza, lakini mnong'ono wa Idi husikika mpaka Chamwino. "Baba, hawamwinui! Wanamwangusha! Hiyo ni sanamu ya mfalme, ya shaba. Ni mapinduzi!"

"Sanamu? Umejuaje?"

"Si huo mguu umevunjika, ndani mtupu! Na huyu mama havuti kamba, anamtoa mwanawe asije akaangukiwa. Na huyu mzee pembeni analia, kumbe alimpenda mfalme wake, masikini, na hakuna hata mmoja anayemtazama..."

Akageuka, kidole bado kiko hewani. Ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza yeye. Zaituni alikuwa ameshusha mtandio.

"Baba," akamwita taratibu, "umemwona huyo mzee?"

"Nimemwona." Idi akakohoa, akaitazama picha tena, kwa muda mrefu. "Rangi za muhula ujao zinauzwa wapi?"

Binti akalia, mimi nikatafuta kiti. Namshukuru Mola aliyeipitisha heri katika fedheha yangu, lakini wallahi sirudii: siku hizi nikialikwa kuomba dua, nauliza kwanza, jamani, huyu tunamwinua au tunamwangusha?