Kugeuza na Meli

Songea ya miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, waliojua habari za meli walikuwa akina mama wa dagaa. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye baraza moja nyuma ya soko, nikipunguza suruali za mitumba zilizokuja pana kama zimeshonewa watu wawili, na wao walikuja na magunia yao yaliyochanika niwazibie. Wakisubiri, walipiga soga za ziwa: nani alilala juu ya mizigo ya nani, nani alitapikia kofia ya karani. Nilicheka walipocheka. Lakini kichwani nilishindwa kuipanga hiyo meli. Sisi wa Matogoro maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa ya mtoni wakati wa masika, na hayo tuliyavuka juu ya gogo.

Asubuhi moja mmoja wao, mama wa Bombambili mwenye sauti ya kuuzia, alinitupia gunia mapajani na habari pamoja.

"Fundi, shangazi yako nimemkuta Lupingu. Wanahama."

"Wanahamia wapi, mama?"

"Ng'ambo, Malawi, kwa ndugu za mume wake. Wakishang'oa mihogo yao wanaondoka. Na yule mtoto wenu naye anakwenda. Abaki na nani?"

Mtoto wetu ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alipomfuata baba, wazee walimaliza matanga kisha wakatugawa uani, kama wanavyogawa mbegu. Nilikuwa darasa la sita. Nilisema nitakaa na wote watatu, wakacheka kidogo, bila ubaya. Wale wawili wa kati niliachiwa kwa sababu hakuna aliyewaomba. Mdogo kabisa, aliyekuwa bado analala akishika sikio la mtu, alichukuliwa na shangazi yetu aliyeolewa ufukweni mwa ziwa. "Nitakutunzia mpaka uote ndevu," aliniambia. Sikurudi shule. Nilijifunza kushona kwa fundi mmoja wa mjini, na ndevu nazo ziliota, japo chache. Nilikuwa nasubiri nipate chumba cha pili ndipo nikamchukue. Sasa nikaambiwa chumba cha pili kitanikuta mtoto ameshakuwa wa nchi nyingine.

"Nifundisheni kusafiri na meli," nikawaambia.

Lilikuwa kosa. Wote walianza kusema pamoja.

"Usile kitu," alisema mama wa Bombambili. "Tumbo tupu halina cha kutoa."

"Mwongo huyo," akadakia mwenzake, mwembamba, aliyekuwa anatafuna muhogo mbichi. "Tumbo tupu ndilo linalotoa nyongo. Kula ugali, tena mgumu, ushindilie."

"Ashindilie kama tumbaku ya Namtumbo?"

Mzee mmoja wa Tunduru, aliyeuza korosho hatua chache kutoka kwangu, alikohoa. "Bismillahi, kisha tangawizi. Basi. Hayo mengine porojo."

"Shikamoo mzee. Na wewe umepanda?" nikamwuliza.

"Marahaba, mwanangu. Nimepanda sana, lakini ya baharini."

"Ya baharini haihesabiki!" mama mwembamba alimkata. "Bahari ina chumvi, inabeba. Ziwa linakutupa."

Nikauliza nikae wapi. Juu, nipate hewa. Hapana, juu upepo wa mwera utanipeperusha kama pazia, nikae chini. Chini kuna joto la injini na harufu ya dagaa. "Harufu ya dagaa inakukera wewe, muuza dagaa?" Nikae upande wa kivuli. Upande upi? Itategemea meli imegeukia wapi. Lupingu hakuna gati: honi ikilia, mitumbwi inakuja ubavuni, na niwe nimeshasimama mlangoni na mzigo wangu, maana meli haimsubiri mtu na nitapelekwa mbele. Lakini nisiingie mtumbwi wa kwanza. Wa kwanza ndio wenyewe! Wa kwanza wanaingia wasiojua! Wakagombana hapo mpaka gunia likaisha kushonwa.

Walikubaliana jambo moja tu, na hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Meli ilitoka kaskazini ikipita vijiji vya ufukweni, Lupingu kikiwemo, mpaka Mbamba Bay. Kutoka hapo ilivuka kwenda Nkhata Bay, upande wa Malawi, halafu ikarudi Mbamba Bay na kupanda tena kaskazini. Ikirudi kutoka ng'ambo huwa imejaa, na anayesubiri Mbamba Bay hupata pa kusimama tu, pengine hata hapo asipate. Kwa hiyo wazoefu huipanda ikiwa inakwenda ng'ambo, wanatandika shuka mahali pazuri, wanavuka nayo na kurudi nayo. Waliita kugeuza.

"Kwenye nchi ya watu?" nikauliza. "Bila karatasi?"

"Hushuki, mwanangu. Unakaa. Unakwenda Malawi kukaa."

"Yaani nakwenda nisikotaka kwenda, sifiki, narudi nilipotoka, ndipo naanza safari?"

"Ameelewa," mama wa Bombambili akawaambia wenzake.

Nilikuwa sijaelewa. Lakini wadogo zangu niliwaacha kwa jirani, nikapanda lori la mahindi kwenda Mbinga, na kutoka Mbinga lori jingine lililoshuka milima kwa breki zinazonuka mpaka tukaliona ziwa. Nilidhani ni mbingu iliyoanguka upande mmoja. Nilimwuliza aliyekaa karibu nami mwisho wake uko wapi. Akanijibu, "Ng'ambo," kana kwamba hilo ni jibu.

Meli ilikuja Mbamba Bay mchana wa kesho yake, ikatia nanga mbali kidogo na mchanga. Mitumbwi ikaenda imejaa na ikarudi imejaa, watu wakipigana vikumbo wanaoshuka na wanaopanda. Mtumbwi wa kwanza sikuuingia, wala wa pili, kwa sababu sikujua nimfuate nani kati ya wale mama wawili. Nilipanda na wa mwisho. Asubuhi nilikuwa nimekula ugali mgumu, kisha nikajuta nikaacha nusu, kisha nikatafuna tangawizi. Nilitandika shuka yangu katikati ya sitaha, nusu juani nusu kivulini, mgongo kwenye ukuta wenye joto la injini. Nilidhani hivyo nimewatii wote.

Karani wa tiketi alipita. "Unakwenda wapi?"

"Lupingu."

"Lupingu tumetoka. Tunakwenda ng'ambo."

"Najua. Nageuza."

"Basi ng'ambo usikanyage chini. Ukishuka tunakuacha."

Ziwa lilitulia mpaka tulipotoka kwenye ghuba. Hapo mwera ulitupokea. Meli ilipanda, ikasimama kidogo kama inayofikiri, ikashuka, na tumbo langu likabaki juu. Nilikwenda kwenye vyuma vya ukingo nikatoa ugali, nikatoa tangawizi, nikaendelea kutoa nisivyovijua. Kila nilipodhani nimemaliza, nilitazama chini nikaona maji yanakimbia, nikaanza tena.

"Usiangalie maji ya karibu," sauti ilisema ubavuni kwangu. "Angalia mlima."

Alikuwa mtoto wa kike, amesimama bila kushika kitu, magoti yake yakicheza na meli kama ameumbwa nayo.

"Mlima upi?"

"Ule wa nyuma. Usiuache. Na usifumbe macho, ukifumba inaingia kichwani."

Niliushika mlima kwa macho. Tumbo likapunguza. Ndipo nikasikia nyuma yetu mwanamke akicheka, kicheko kinachoanza juu na kumalizikia puani, na kicheko hicho nilikijua. Baba alikuwa nacho.

Niligeuka. Shangazi alikaa juu ya mikeka iliyokunjwa, kati ya sufuria, kuku waliofungwa miguu na jembe lisilo na mpini. Mume wake alilala akijifunika koti usoni. Hawakungoja kung'oa mihogo. Mihogo walimwachia jirani.

"Mwana wa kaka yangu!" alisema. "Umekuja kutusindikiza?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Futa mdomo kwanza."

Nilifuta. Nikamtazama tena yule mtoto, nikatafuta ndani yake yule aliyekuwa anashika masikio ya watu. Naye alinitazama kama anavyotazamwa abiria anayetapika.

"Nimekuja kumchukua," nikasema.

"Umekuja kumchukua Lupingu kwa kwenda Malawi?"

"Nageuza, shangazi."

Alicheka mpaka mume wake akatoa koti usoni. "Msikilize. Anageuza! Alitaka nafasi ya kukaa!" Mume wake alitikisa kichwa taratibu, akasema hata yeye huwa anageuza, ni busara, na akalala tena. Mimi sikujua kama nimechekwa au nimesifiwa. Nilichojua ni kwamba kama ningefanya kile akili yangu ilichoniambia, kukaa Mbamba Bay nikisubiri meli irudi, ningekuwa nimeketi mchangani wakati mdogo wangu anapita mbele yangu.

Sikurudi kwenye shuka yangu. Nilikaa pale kati ya kuku. Shangazi aliniuliza maswali, na kati ya swali na swali niliomba ruhusa nikaenda ukingoni.

"Nani anapika?"

"Kwa zamu."

"Hao wawili wanasoma?"

"Wanasoma."

"Na wewe?"

"Nashona."

"Akiugua?"

"Nitakaa naye."

"Wewe mwenyewe unaugua hapa, na aliyekaa nawe ni yeye." Alisema hivyo bila kucheka. Kisha akasema, "Haya. Lakini mtoto hakabidhiwi majini. Tukifika nchi kavu tutasema."

"Nchi kavu ni Malawi, shangazi. Mimi siruhusiwi kushuka."

"Mila sikuitunga mimi."

Nilitafuta kichwani kama mila hiyo niliwahi kuisikia. Kwa upande wa baba nilizijua za kunyoa, za kugawa, za nani anakaa wapi msibani. Ya majini sikuwahi kuisikia. Lakini sisi tuliishi mbali na maji, tungeisikia wapi? Ilikuwa mila, au ilikuwa mlango wa kunifungia? Uso wa shangazi haukuniambia. Mtoto alikuwa anafungua kamba ya mguu wa kuku na kuifunga upya, akijifanya hasikii.

Nkhata Bay kulikuwa na gati. Meli ililala ubavu kwa ubavu nalo, wakateremsha ngazi, na waliokuwa wanageuza wakajinyoosha kwenye shuka zao kama watu waliofika nyumbani. Shangazi alijitwika sufuria. Mume wake alibeba mikeka. Mtoto alibeba kifurushi kidogo cha kanga. Nikawafuata.

"Wewe wa kugeuza, rudi," baharia aliniambia juu ya ngazi.

"Nawasindikiza."

"Wasindikize kwa macho."

Sikurudi. Nilishika fundo la kile kifurushi cha mtoto, nikateremka naye mpaka kwenye mbao za gati. Askari wa pale alinidaka mkono kabla sijakanyaga vizuri, akanisemesha lugha nisiyoijua. Mume wa shangazi alimjibu kwa maneno marefu, sijui alimwambia nini, maana askari alinitazama shati lililochafuka akalegeza mkono bila kuuachia.

Shangazi alitua sufuria. Alitazama miguu yangu.

"Hapa ni nchi kavu?" alimwuliza mumewe.

"Chini kuna maji, nayaona kati ya mbao. Lakini mbao zimepigiliwa nchi kavu."

"Amekanyaga na miguu yote miwili?"

"Yote miwili."

Baharia alianza kupiga kelele kwamba wananiacha. Shangazi aliuchukua mkono wa mtoto akautia kwenye wangu.

"Huyu ni kaka yako mkubwa. Anatapika, lakini hakai mbali."

Mtoto alishika kanga ya shangazi kwa mkono uliobaki, akalia bila sauti, mdomo wazi. Shangazi alimbandua vidole kimoja kimoja, akajitwika sufuria, akaenda. Hakugeuka. Askari aliniachia, nikambeba mtoto juu ya ngazi akinipiga mgongoni kwa kile kifurushi chake. Ndani yake nilikuta nguo zake zote na sahani yake. Mpaka leo sijui kama alifungiwa mzigo wa peke yake kwa sababu kila mtu wa safari ile alikuwa na mzigo wake, au shangazi alishaamua tangu Lupingu kwamba mahali fulani njiani atamwacha kwetu, na alikuwa ananipima tu kama nitashuka. Nimemwuliza. Anacheka kile kicheko.

Tuliporudi mwera ulikuwa umetulia. Alikaa mwisho wa shuka yangu, mbali nami kadiri shuka ilivyoruhusu, akaangalia mlima wa nyuma mpaka ukafifia. Milima yetu ilipoanza kuonekana mbele, alijifuta pua.

"Huko Songea kuna ziwa?"

"Hakuna."

"Kuna mto mkubwa?"

"Mdogo."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetakiwa kufikiriwa. "Sasa watu wanaogea wapi?"

Nilianza kumweleza habari za ndoo na bafu la mabua nyuma ya nyumba, nikaona kila neno linamzidishia mashaka, na mimi pia, maana sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba hilo lilihitaji kuelezwa. Alisogea kidogo upande wangu, si sana, ili jua lisimpige.